Sentensi Yangu Ukutani

3 Oktoba

Leo tumegawiwa madaftari. Jalada la bluu, na juu yake kwa herufi za dhahabu: KIONGOZI NI MIMI. Tuko kumi na sita, kwa hiyo sasa timu ya wanawake ya mpira wa mikono ya Bir Hlou ina viongozi kumi na sita na mpira mmoja usiovuja upepo.

Mgawaji anaitwa Daktari Ghazi. Ni daktari wa nini, hakuna ajuaye. Ameletwa na rais mpya wa klabu, Si Naufal ("Si" kwetu ni "Bwana"), mwenye kiwanda cha vigae, ambaye tangu achaguliwe amefika ukumbini mara mbili, na mara zote mbili aliuliza choo kiko wapi. Ghazi amevaa suti na raba nyeupe. Ametutaka tuandike kila siku somo moja la uongozi tulilojifunza mchezoni, maana "uwanja ni maisha, na maisha ni uwanja." Nilimtazama kocha wetu, Bashir, nikitegemea atacheka. Bashir alikuwa anaandika.

Haya. Naitwa Dorsaf Gharsallah, miaka thelathini na sita, mwalimu wa jiografia, golikipa wa akiba. Nimeichezea klabu hii miaka kumi na minane, minne ya mwisho nikiwa nimekaa. Somo la leo: karatasi ni nzito na nzuri. Itafaa kwa kuandika ukweli.

9 Oktoba

Nahodha wetu, Shiraz, ameokoka. Sijui neno jingine. Ana miaka ishirini na mitano, anauza simu mjini, ana mkono wa kushoto ambao makipa wa nchi nzima wanauogopa, na kichwani mwake sasa amekaa Ghazi mzima na raba zake. Amefungua ukurasa mtandaoni unaoitwa "Nahodha wa Nafsi Yangu." Kabla ya mechi ya jana alijirekodi akituhutubia: "Wasichana wangu, ushindi unaanza kichwani!"

Kichwani tulishinda. Ubaoni ilikuwa thelathini na moja kwa kumi na tisa.

22 Oktoba

Tumefungwa.

11 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. Paa la ukumbi linavuja upande wa kulia, palepale winga anaporukia kupiga. Bashir ameweka ndoo. Ghazi akasimama mbele ya ndoo ile kama mtu aliyepata mgeni.

"Nyie mnaona nini hapa?"

"Ndoo," akasema Widad, golikipa wa kwanza.

"Mshindi haoni ndoo!"

"Mshindi asiyeona ndoo atavunjika shingo, Daktari."

Tulicheka wote isipokuwa Shiraz, aliyemkaripia Widad kwa "fikra hasi." Si Naufal angeweza kuliziba paa hilo kwa asubuhi moja na mafundi wawili wa kiwandani kwake. Ametuletea Ghazi.

27 Novemba

Msimu wa zeituni. Nusu ya timu iko mashambani na familia zao, wanarudi mikono imechubuka. Ghazi amehubiri juu ya kujitoa. Yeye hajawahi kuokota hata zeituni moja iliyoanguka sahanini mwake.

Emna hajakosa hata siku moja. Huyu ni winga wetu wa kulia, miaka kumi na tisa, alikuwa mwanafunzi wangu hadi mwaka juzi. Anachuma na mama yake tangu alfajiri, kisha anapanda basi kuja mazoezini na kipande cha mkate wa mlawi mfukoni. Bado ananiita mwalimu. Nimemwambia aache, sisi ni wachezaji wenza. "Sawa, mwalimu," anasema.

14 Desemba

Leo nimefurahi kuliko siku yoyote ya msimu huu.

Ghazi alitukalisha duara sakafuni, kila mmoja asome kutoka daftarini. Shiraz alisoma kurasa tatu na mwishoni akatoa machozi. Emna alisoma: "Nimejifunza kwamba nikimpa mwenzangu pasi mapema, haumii." Ndiyo sentensi pekee yenye akili iliyosomwa, na Ghazi aliiruka.

Zamu yangu. Daftari hili limejaa matusi juu yao wote. Nikafungua ukurasa mtupu, nikatunga palepale, kwa sauti ile ninayoitia majina darasani:

"Maumivu ni hoja ya mvivu. Mshindi hauombi mwili wake ruhusa."

Widad aliuma mkono wa fulana asicheke. Nilidhani watalipuka wote. Lakini Ghazi alifumba macho, akaweka kiganja kifuani.

"Rudia, Dorsaf."

Nikarudia, polepole zaidi. Wakapiga makofi. Bashir naye. Ghazi akaniomba ukurasa ule auandike. Nikamwambia ninaukumbuka, nitamwandikia mwenyewe.

Ndani ya gari Widad alinipiga begani. "Wewe ni shetani."

"Nimewapa wanachokila."

Tulicheka hadi kwenye mzunguko wa barabara ya Monastir, ikabidi niegeshe.

20 Desemba

Wameiandika ukutani. Mchoraji wa kiwanda cha vigae alikuja na rangi nyekundu, herufi ndefu kama mguu wangu, juu ya mlango wa vyumba vya kubadilishia. Chini yake jina la Ghazi. Mwizi. Na mimi siwezi kushtaki bila kukiri kwamba nilikuwa nawacheka.

13 Januari

Mvua siku tatu. Matone yalikuwa yamehama, ndoo haikuhama. Emna aliruka kupiga, akatua kwenye maji, goti likageuka ndani. Sauti yake sitaki kuiandika.

16 Januari

Daktari wa kweli, wa Monastir, amesema kano moja imechanika nusu. Wiki nane asiguse mpira. Emna aliniuliza kama wiki nane ni nyingi. Nikamwambia ni chache. Hili lilikuwa kweli.

28 Januari

Tumefungwa. Baridi. Shiraz anatuma sala za ushindi kwenye kundi la simu saa kumi na mbili asubuhi.

17 Februari

Tuko wa pili kutoka mkiani. Jumamosi ijayo tunacheza nyumbani na wageni kutoka Gabes, walio juu yetu kwa pointi moja. Si Naufal ametokea, safari hii anajua choo kilipo, akauliza: "Yule winga mwepesi yuko wapi?"

Bashir akamweleza. Wiki tano zimepita, zimebaki tatu.

"Nimemwona akitembea," akasema Si Naufal.

"Kutembea anatembea, Si Naufal."

"Basi." Akaonyesha juu ya mlango, kwenye rangi nyekundu. "Hamsomi?"

Bashir alitazama viatu vyake. Huyu mtu alikuwa beki wa timu ya taifa. Nilimwona, akiwa bado kijana, akigongana na majitu ya nchi za kaskazini. Sasa mwenye vigae anamkunja kama risiti.

24 Februari

Nimekaa jikoni tangu asubuhi na chai imepoa mara mbili. Haya ya jana nayaandika yote. Tarehe nimeiacha ile ya mechi.

Emna alikuja na mama yake, ambaye alibaki jukwaani. Chumbani alikuwepo mpwa wa Si Naufal, anayesemekana ni muuguzi, na mkoba mdogo. Sindano ya ganzi. Nilikuwa nafunga kamba za viatu, mita mbili kutoka kwao. Emna aliniangalia mimi. Hakumwangalia Bashir, wala Ghazi aliyekuwa amemshika bega.

"Mwalimu, nitaweza?"

Nikamjibu: "Wewe ndiye unayejua."

Niliona ni jibu la busara. Halinifungi popote.

Kipindi cha kwanza alifunga mara nne. Wakati wa mapumziko goti lilikuwa limejaa kama komamanga. Shiraz akapiga magoti mbele yake, akaligusa, akainuka.

"Kocha, harudi huyu."

Bashir akamtazama Si Naufal. Si Naufal akamtazama Ghazi. Ghazi akasema kwa upole: "Shiraz, nahodha hawapunguzii wenzake ndoto."

"Daktari, goti hili lina moto."

"Muulize mwenyewe."

Emna akasema, "Nitaweza. Maumivu ni hoja ya mvivu." Alisema akitabasamu, kama mtoto anayejibu swali analolijua.

Mimi nilikuwa na chupa ya maji mdomoni. Nikaendelea kunywa.

Dakika ya kumi na moja ya kipindi cha pili aliruka kutoka pembeni, hakuna aliyemgusa, na alipotua mguu ulikwenda upande ambao mguu hauendi. Safari hii hakupiga kelele. Mama yake alipiga, kutoka juu.

Wakamtoa kwenye machela ya turubai hadi ukingoni. Gari la wagonjwa halikuwepo, likapigiwa simu. Refa akauliza kama tuko tayari. Si Naufal, amesimama nyuma ya benchi, akapaza sauti: "Tunaongoza kwa mawili! Ingieni! Mchezeeni yeye!"

Shiraz alikuwa na mpira. Akautua chini katikati ya uwanja, taratibu, kama mtu anayelaza yai. Akatembea hadi ukingoni, akakaa sakafuni kando ya machela, akamshika Emna mkono.

"Nahodha, simama!" akafoka Ghazi. "Kiongozi hakai!"

"Kaa na wewe, au nenda," akasema Shiraz bila kugeuka.

Wa pili kukaa alikuwa beki wetu mmoja ambaye hajawahi kutamka neno tangu Septemba. Kisha wengine. Kisha Widad akaliacha goli, akavuka uwanja mzima, akakaa.

Refa alitoa dakika moja. Bashir, uso mweupe, akanigeukia.

"Dorsaf. Ingia golini."

Nikaingia.

Sina maelezo. Miaka kumi na minane nimeambiwa ingia nikaingia, toka nikatoka. Nilivua koti, nikalikunja vizuri, nikatembea hadi golini, nikagusa mlingoti wa kushoto na wa kulia kama ninavyofanya siku zote. Nikageuka. Uwanja ulikuwa mtupu. Wageni wenyewe walikuwa wamesimama upande wao, wawili wamekaa kama wetu. Mimi peke yangu nimenyoosha mikono, tayari kuzuia mpira ambao hakuna aliyekusudia kuupiga.

Mtu jukwaani alicheka. Nilimwelewa.

Refa akafunga mechi. Tumehesabiwa tumefungwa kumi kwa sifuri.

26 Februari

Shiraz amesimamishwa, klabu imempeleka kamati ya nidhamu ya ligi kwa "kuchochea uasi." Inaomba afungiwe miaka miwili. Akirudi atakuwa na ishirini na saba, na mkono ule utakuwa umesahau.

Si Naufal aliniita ofisini. Kahawa, vitafunio vya makrudi kwenye sahani ya kigae, bila shaka chake.

"Nyote mlikuwa kumi na sita, mwenye heshima alikuwa mmoja," akasema. "Wewe umetulia. Tangu nimefika sijakusikia ukilalamika." Akanisukumia kitambaa cha nahodha juu ya meza. "Na kwenye kamati utakuwa shahidi wetu. Useme tu ulichoona."

Nimekuwa nikimwona mtu huyu mjinga kwa miezi mitano. Kumbe ananijua vizuri kuliko ninavyojijua.

Nilikichukua kitambaa.

2 Machi

Nimecheza nahodha. Tumefungwa kwa kumi na nne. Nilipowaita wakusanyike kabla ya kuanza, walikuja kama watu wanaoitwa kupanga foleni. Nilifungua mdomo niseme kitu cha kuwatia moyo. Nikagundua kwamba kila sentensi inayonijia ni ya kejeli. Nikasema, "Haya, twendeni."

9 Machi

Nimekwenda kwa akina Emna. Amefanyiwa upasuaji, kano mbili. Mama yake alinifungulia, akaniletea chai yenye lozi kwa sababu hajui kumnyima mgeni chai, kisha akakaa mbali nami.

Nilikuwa nimejiandaa kumtukana Ghazi mbele yao. Nikaanza: mpumbavu yule, na maneno yake ukutani.

"Si maneno yake," akasema Emna.

Nikaitua bilauri ya chai.

"Mwalimu, nilikuwepo ulipoyasoma. Daktari Ghazi anasema maneno mia kwa siku, sikushika hata moja. Lile lilikuwa lako."

"Emna, lile lilikuwa mzaha."

"Mzaha?"

"Nilikuwa namcheka."

Aliutazama mguu wake, umelala juu ya mito miwili kama mali ya mtu mwingine. "Mimi sikujua," akasema. "Wewe darasani ulikuwa hutanii. Ulichosema niliandika."

Mama yake akainuka, akaondoa bilauri yangu ya chai. Ilikuwa bado nusu.

13 Machi

Ramadhani. Nimemrudishia Bashir kitambaa. Hakuuliza. Alikipokea kwa mikono miwili, akasema hajalala tangu siku ile. Nilitaka kumdharau kama kawaida. Nikamwambia mimi pia.

21 Machi

Kamati, Tunis, saa nne asubuhi. Meza ndefu, watu watatu, funga imewakausha midomo. Shiraz alikaa peke yake upande wa kushoto, amevaa koti la kazini. Si Naufal na Ghazi kulia, na mimi katikati yao.

Si Naufal alieleza kwamba mchezaji alichagua kucheza kwa hiari, na kwamba klabu yake inajenga wanawake wenye moyo. Akatoa picha ya ukuta kama ushahidi. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akaitazama.

"Haya maneno ni ya nani?"

Ghazi akanyanyua kidole kidogo, kwa unyenyekevu.

"Ni yangu," nikasema.

Si Naufal alinishika kiwiko chini ya meza. Nikakitoa.

Nikasema yote. Sindano, nani aliileta, nilikuwa wapi. Kwamba nahodha aliomba Emna asirudi na akakataliwa. Kwamba sentensi ile niliitunga kwa dharau, na nilipoisikia ikitoka mdomoni mwa mgonjwa nilikunywa maji.

"Dharau kwa nani?" akauliza mwenyekiti.

"Kwa kila mtu aliyekuwa chumbani, mheshimiwa."

Shiraz akageuka kunitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Nje, kwenye ngazi, nilimfuata. Nilidhani atanishukuru, ndivyo nilivyo mjinga.

"Unadhani tulikuwa hatujui?" akasema. "Miaka yote unatucheka. Kwenye basi tulikuwa tunakuigiza, jinsi unavyoinua nyusi. Hata Emna."

"Ulimwamini Ghazi, Shiraz."

"Mimi si mpumbavu. Nilijua ni debe tupu. Lakini nilipewa unahodha na sikuwa na neno hata moja la kuwaambia watu wanaofungwa kila wiki. Nikachukua yaliyokuwepo." Akafunga vifungo vya koti. "Wewe ulikuwa na maneno. Ulijua paa, ulijua goti, ulimjua Naufal. Ukatuwekea kejeli."

Akashuka ngazi. Kisha akasimama, akasema bila kugeuka: "Leo umesema vizuri, lakini."

18 Aprili

Uamuzi umetoka. Shiraz mechi mbili, na alishazikosa. Klabu imetozwa faini, mpwa mwenye mkoba amepelekwa kwa wanaohusika. Mimi nimepewa onyo, na barua ya klabu inasema huduma yangu haihitajiki tena. Miaka kumi na minane katika mistari mitatu, na jina langu limekosewa.

27 Aprili

Shiraz amerudi, ametia mabao tisa. Nilikuwa jukwaani. Tumefungwa, tumeshuka daraja. Baada ya kipenga aliwakusanya. Nilisogea hadi kwenye uzio nisikie hotuba. Hakuhutubu. Alimwendea mmoja mmoja akamwambia kitu sikioni. Beki yule bubu alicheka.

5 Mei

Widad amenitumia tangazo. Ghazi anatoa mhadhara katika hoteli ya Hammamet: "Kutoka Bir Hlou: Jinsi Msimu Mgumu Unavyozaa Viongozi." Picha yake amekunja mikono, nyuma yake ukuta wetu. Si Naufal amejiuzulu kwa sababu za kifamilia na anaonekana sasa kwenye klabu ya tenisi. Paa linavuja vilevile. Watu wa aina hii hawaanguki; wanahamia chumba cha pili.

Sikumtukana. Nilitamani, na nilikuwa na maneno.

19 Mei

Mara tatu kwa wiki nampeleka Emna kwenye mazoezi ya goti, Monastir. Si yeye aliyeomba, ni mimi, na mama yake alichukua siku sita kukubali. Njiani hatuzungumzi sana. Ananionyesha mashamba, ananiuliza majina ya vilima, na najibu ninayoyajua.

Leo mtaalamu aliongeza uzani kwenye kifundo chake, akasema aunyanyue mara ishirini, kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine. Nilikaa kwenye kiti pembeni, nikihesabu. Ya tisa ilikuwa nzuri. Ya kumi na moja jasho lilimtoka. Ya kumi na tatu mguu ukaanza kutetemeka, na akaniangalia mimi, vilevile kama alivyoniangalia siku ile, akisubiri nimwambie yeye ni mtu wa namna gani.

"Inauma," akasema.

"Basi tunaacha."

Nikapiga magoti nikaufungua ule uzani.

"Zimebaki saba."

"Zitakuwepo kesho kutwa."

Alivuta pumzi. Kisha akaegemeza mkono wake begani kwangu, akiutumia kama mtu anavyotumia ukuta, akasimama.